Tetekuwanga ya Hina

Mpendwa Bi Fahima,

Naomba msaada, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujaniita mwongo, kwa sababu mwongo ni mimi kweli na sitaki tupoteze muda hapo. Mimi ni mlezi katika nyumba ya watoto hapa Wiyoni, kisiwani Lamu, au Amu kama mnavyoiita wenyewe, natoka bara, upande wa Nyamira, na huu ni mwaka wangu wa tano katika kazi hii. Watoto wetu ni kumi na wanne, wengine yatima, wengine walemavu, wengine Mungu amewapa vyote viwili, na walezi ni wawili tu, mimi na Bi Hadia wa Siyu mwenye goti bovu, na msimamizi wetu ni Bwana Gharib, mtu mwema asiyekosa swala wala mkutano, ila nikimwambia nimechoka ananijibu kwamba malipo yangu yako ahera, na mimi Bi Fahima sijaikataa ahera, nilikuwa naomba Jumatatu ya kupumzika.

Usidhani kazi yenyewe ni kukaa na watoto na kuwaimbia. Wanne hawaendi chooni bila kubebwa, na mmoja kati yao ameshanizidi uzito, kwa hiyo mgongo wangu jioni huwa unazungumza peke yake. Kuna kuwanyoosha viungo asubuhi, kuna nguo za kufua ambazo haziishi, kuna dawa za kifafa za saa kumi na mbili kamili, na kuna Abdulwahid, ambaye koo lake halimezi vizuri, yeye hula bakuli moja la uji kwa saa nzima, kijiko kimoja kimoja, ukimharakisha anapaliwa, kwa hiyo mara tatu kwa siku mimi hukaa mbele yake nikisema "polepole, polepole" huku watoto wengine kumi na watatu wakifanya haraka haraka.

Sasa juu ya hayo yote kuna sadaka. Watu wa Amu wanawapenda yatima na mimi silalamiki, hatujawahi kulala na njaa. Lakini anayeoa huleta pilau, anayefiwa huleta pilau, mtoto wake akifaulu mtihani ni pilau, akiota ndoto mbaya pia ni pilau, na hakuna anayeacha sinia mlangoni akaenda zake. Kila mmoja anataka watoto wavalishwe, wapangwe mstari, wasome dua, wapigwe picha, halafu aanze kuwapapasa vichwa mmoja mmoja kwa sababu kumpapasa yatima kichwa kuna thawabu. Ijumaa moja nimewavalisha na kuwavua mara tano, na watoto wenyewe wamefika mahali wananisihi niwapikie ugali na sukuma, watoto wa Amu hawa, Bi Fahima, hebu fikiria. Kuna Taufiq, ana miaka kumi, anakaa kwetu kwa sababu kiti chake cha magurudumu hakipiti kwenye mchanga wa Shela na shule yake iko huku, lakini si yatima hata kidogo. Bi Nasreen, kiongozi wa kina mama wa sadaka, alimfikia siku moja akamwambia kwa Kiamu chake, "Maskini yatima wangu, ndoo nikupapase kitwa," na Taufiq akamjibu, "Babangu yuko Shela, ni mpishi wa hoteli, na mamangu yuko naye. Lakini endelea tu, Bi, hapo nyuma ya sikio hujafika."

Mwezi uliopita Bi Hadia alienda Siyu kwenye harusi ya mpwa wake kwa siku nne, zikawa tano, zikawa tisa, kwa sababu shughuli ilizaa shughuli na lile goti likavimba kwa kucheza. Nikabaki peke yangu na watoto kumi na wanne. Nilimpigia Bwana Gharib nikamwambia nahitaji mtu wa kunisaidia, akasema, "Usijali, nakuletea," na kweli adhuhuri akaleta, akaleta pilau.

Siku ya saba nilikuwa namlisha Abdulwahid nikalala nimekaa, kijiko mkononi. Nilipoamka nilikuwa na uji puani. Abdulwahid alikuwa amekichukua kijiko na ananilisha mimi, mkono unatetemeka, huku ananiambia, "Polepole." Na papo hapo mlango ukabishwa, nikasikia masinia yakigongana nje na mama mmoja akisema, "Waamshe watoto wavae, tuna haraka."

Ndipo nikachukua karatasi nikaandika: KUNA TETEKUWANGA. WAGENI WASIINGIE KWA SIKU TATU. Nikaibandika mlangoni kwa ndani ya kioo, na wale mama wakasoma, wakaweka masinia chini wakaondoka, na mchana ule sote kumi na watano tulilala kwenye mikeka hadi saa kumi, na nakuapia sijawahi kulala usingizi kama ule tangu nivuke kuja kisiwani.

Kosa langu la pili ni kwamba niliwaambia watoto, mtu akichungulia dirishani, jifanyeni wagonjwa. Taufiq hufanya kila jambo kwa bidii. Siku iliyofuata, nikiwa bafuni nafua nguo, alienda kwenye friji akalitoa bakuli la hina ambayo Bi Hadia aliikoroga kwa ajili ya harusi akaisahau, akachukua njiti ya kiberiti, akawatia wenzake madoa, na yeye mwenyewe akajitia. Nilipotoka wote walikuwa wameshajaa madoa, usoni, mikononi, masikioni, na Hadil alikuwa bado ameinua uso anadai, "Mimi nitie mengi, nataka niwe mgonjwa sana." Nimewasugua kwa sabuni, nimewasugua kwa ndimu, nimewasugua kwa unga wa kufulia. Hina unaijua wewe kuliko mimi, Bi Fahima. Yale madoa yalizidi kukolea.

Asubuhi Bi Nasreen akachungulia dirishani. Taufiq akaanza kukohoa, sijui nani alimwambia tetekuwanga inakohoza. Bi Nasreen akashika kifua, akasema, "Ya Rabbi, wamejaa mwili mzima," na kabla ya magharibi mji wote ulikuwa unajua. Wakasomewa dua msikitini. Yakaja majani ya mwarobaini ya kuogea, magunia mawili. Ikaja supu, uji wa pilipili manga, madafu, na pilau ambalo zamani lilikuwa la Ijumaa sasa likawa la kila siku, linawekwa mlangoni, linabishiwa hodi mpaka niitikie, na mimi sijalala tena tangu ule mchana mmoja.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini kuna Hadil. Hadil ana miaka saba na mguu wake wa kulia umepinda kwa ndani, hukanyagia ubavu wa unyayo, na amesubiri mwaka mzima msafara wa madaktari wa mifupa ambao utafika hapa Jumanne, tarehe kumi na nane, siku moja tu, na jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha. Kila usiku akivuliwa kiatu humwambia Taufiq, "Nikinyooshwa mguu, teke la kwanza ni lako," na Taufiq humjibu, "Lije, mimi niko hapa, siendi popote." Alhamisi Bwana Gharib alikuja akasimama ng'ambo ya kichochoro, leso puani, akawatazama kwa mbali, na kwa uaminifu wake akawapigia madaktari kwamba nyumba nzima ina tetekuwanga. Wakamwambia mtoto mwenye tetekuwanga asipelekwe, wakamfuta Hadil, na wao hawarudi mpaka baada ya miezi saba. Hadil hajui. Ameshafunga mfuko wake, ndani mna kanga moja na kiatu kimoja, cha kulia, kipya.

Nikisema ukweli nitafukuzwa, na watasema mtu wa bara, Mkristo, ameichezea sadaka yao na dua zao, na watoto nitaachia nani? Nikinyamaza, Hadil atakosa mguu wake kwa ajili ya usingizi wangu wa mchana mmoja. Sili, hata ugali sili. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Wako,
Mlezi wa Wiyoni

*

Mlezi wa Wiyoni,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, ingawa sijui linafichika vipi katika kisiwa hiki, maana sidhani kuna nyumba ya pili yenye watoto kumi na wanne wenye madoa. Barua yako ilinifikia Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo nilikutumia ujumbe nikakuambia kwamba safu hii hutoka Ijumaa, na Ijumaa ni tarehe kumi na nne, na kwamba una siku hizo kumwambia Bwana Gharib kwa kinywa chako kabla hajajisomea mwenyewe. Ulinijibu, "Sawa Bi, nimalize kumlisha Abdulwahid." Huyo mtoto hula saa nzima, najua, lakini kutoka Jumatatu hadi leo atakuwa ameshashiba.

Nianze na wewe, kwa kuwa ndiye uliyeuliza. Umedanganya. Ulibandika ugonjwa mlangoni, ukawafundisha watoto kuuigiza, na ulipoona uongo umeota miguu ukakaa kimya siku tano nzima huku mtoto akifunga mfuko. Lile la kwanza nakusamehe bila kufikiri, mtu anayelishwa uji na mtoto asiyeweza kumeza ameshafika mwisho wa akili yake. La pili nakusamehe nikicheka. La tatu sikusamehe mpaka uinuke. Uchovu hauna kosa ndani yake, lakini kunyamaza kwako tangu Alhamisi si uchovu, ni woga, na woga wako unatembelea mguu wa mtoto wa miaka saba.

Sasa nenda, na nenda hivi. Mchukue Taufiq na kiti chake, mpeleke mbele ya Bwana Gharib, na umwambie aguse. Aguse kwa kidole, aachane na leso. Tetekuwanga ina vipele vyenye maji, hina ni rangi tu, na ngozi ya Taufiq itakuwa laini kama siku aliyozaliwa. Halafu usitoke ofisini mpaka apige simu kwa madaktari mbele yako, aseme, "Watoto wazima, nilikosea," na jina la Hadil lirudi kwenye orodha. Ukitaka kulia, lia baada ya simu. Watu wengi huanza na kilio, msikilizaji akaanza kuwabembeleza, na simu ikasahauliwa.

Wewe Bwana Gharib, kama ndiyo kwanza umetoka msikitini na unayasoma haya ukiwa umesimama, kaa chini, nina maneno na wewe. Mfanyakazi wako alikuomba mtu, ukampa wali. Umemwambia malipo yake yako ahera. Ahera si ofisi yako na hukupewa funguo zake, huku duniani ndiko ulikopewa. Mimi nimeisoma sheria ya ajira ya nchi hii ukurasa kwa ukurasa, ni kitabu kikavu kushinda papa wa kuanika, na inasema mtu apumzike angalau siku moja katika kila siku saba. Haikuandika isipokuwa walezi wa yatima. Haikuandika isipokuwa wanaotoka Nyamira. Ukimfukuza kwa uongo huu, andika pia katika barua hiyo ya kumfukuza kwamba alikaa siku tisa peke yake na watoto kumi na wanne na hakuna hata mmoja aliyekosa dawa yake ya saa kumi na mbili, kisha uniletee niichapishe hapa. Nitaichapisha kwa herufi kubwa.

Nije kwa Bi Nasreen na kina mama wenzake, na naomba msikunje gazeti. Bi Nasreen, mimi na wewe tunajuana. Umewapaka hina maharusi wa mitaa mitatu. Mikono yangu mwenyewe uliipaka wewe, mwaka ambao sitautaja. Hina unaijua ikiwa mbichi, ikiwa kavu, ikiwa ya siku moja na ikiwa ya wiki. Imekuwaje ukasimama dirishani ukaitazama hina juu ya watoto kumi na wanne, hina iliyotiwa kwa njiti ya kiberiti tena vibaya, ukaiita tetekuwanga? Nitakuambia mimi. Hukuwatazama. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukiwatazama wale watoto kama mlango wa thawabu, tunapapasa vichwa na hatujui kichwa kipi ni cha nani, mpaka Taufiq, ambaye ana baba mzima anayepika Shela, ameshapapaswa zaidi ya yatima wote wa mkoa huu, na anajua anachokifanya, yule mtoto.

Nasema "tumekuwa" kwa sababu na mimi nimo. Mwezi wa Shaabani nilituma sinia. Sikwenda, nilituma, na aliyelipeleka aliambiwa asirudi bila picha. Ninayo kwenye simu. Nimeitoa juzi baada ya kusoma barua hii nikaitazama upya: watoto wamepangwa, wamevaa, sinia langu liko katikati kama bibi harusi, na pembeni kabisa kuna mwanamke amemshika mtoto kiunoni asianguke, nusu ya uso wake imekatwa. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilikuwa nimeshaipeleka ile picha kwa watu thelathini.

Basi tuache kupika. Sijasema tuache kutoa, nisiwekewe maneno mdomoni na wale waliozoea kuniwekea. Nasema huyu mwanamke ana wali wa kutosha kujenga ukuta, anachokosa ni mikono. Kila mama aliyekuwa akipika Ijumaa, achague siku moja katika mwezi aende Wiyoni saa nne bila sinia, ajitambulishe, aulize afanye nini, na afanye hilo. Afue. Anyooshe mguu wa mtoto kama atakavyoonyeshwa. Akae mbele ya Abdulwahid na bakuli la uji saa nzima, kijiko kimoja kimoja, aseme "polepole" mpaka limalizike, halafu aje aniambie kama bado anaona pilau ni sadaka ngumu. Bi Nasreen, nimekuandika wa kwanza, Jumatatu ijayo. Mimi ni wa pili, Jumatatu inayofuata, na anayetaka kuhakikisha aje anichungulie dirishani.

Na zile dua, mlezi, usiogope. Wewe unaona aibu kwamba watu waliombea ugonjwa ambao haupo. Mimi naona waliomba watoto wapone, na watoto wazima wako mbele yetu. Mengine mwachie anayepokea dua, hajawahi kuniandikia kulalamika. Kuhusu mtu wa bara na Mkristo, atakayelisema hilo mtume kwangu, nina nafasi katika safu ya wiki ijayo na sina cha kuijazia. Miaka mitano umewaogesha watoto wa mji huu. Hilo ndilo jina lako hapa.

Ile karatasi ya mlangoni ibandue leo, uweke nyingine. Umeonyesha kwamba ukiandika mji husoma, basi andika la kweli. Andika hivi: JUMATATU HATUPOKEI WAGENI. MLEZI AMELALA. ANAYETAKA KUSAIDIA AINGIE KIMYA NA AVUE VIATU. Bwana Gharib aitie sahihi na muhuri, maana anapenda muhuri.

Jumanne asubuhi mbebe Hadil mwenyewe mpaka kliniki, na kile kiatu kimoja kwenye mfuko. Madoa yatakuwa bado hayajaisha. Daktari akishangaa, mwambie ni hina, mwambie ni nani aliyeitia na kwa nini, mwache acheke, halafu amnyooshe mguu. Itachukua plasta, wiki nyingi na machozi, sijui kiasi gani, mimi si daktari. Lakini Taufiq ameahidiwa teke, amekubali mbele ya mashahidi, na hajaenda popote. Anangoja. Piga simu.

Bi Fahima